Fremu ya Ruai: mlango 2100, nafasi 2066

Mama mwenye nyumba alinipigia Jumanne jioni akaniambia fundi, fremu iko tayari kwa ukuta, mlango umefika, wewe kuja tu utundike. Nikamwambia sawa mama, hiyo ni kazi ya nusu siku, nikamtajia 3,500 na asubuhi yake nikabeba randa, patasi, drili na grainda kwa boda nikaelekea Ruai. Nyumba ni bangalo ya mawe ya kuchonga, vyumba vitatu, plasta imekauka, taili zimeshawekwa hadi barazani, imebaki rangi na milango. Mlango wenyewe ni wa mahogany, wa paneli sita, mzito hadi tuliubeba wawili kutoka sebuleni, ameununua umeshatengenezwa kwa karakana moja Ngong Road na alikuwa amelipa pesa nzuri. Aliufunika na shuka ya kitanda usipate mikwaruzo. Hiyo shuka ndiyo ilifanya nisitake kukimbilia msumeno, unaona kabisa mtu amekaa akingoja hicho kitu.

Tukausimamisha mbele ya fremu na hata haukukaribia kuingia. Juu unapita kichwa cha fremu, na ukiuinamisha ujaribu upana, katikati unagonga miguu yote miwili. Shemeji yake alikuwa hapo, akasema fundi si ukate tu hiyo mlango kidogo, huku mama akiniangalia. Nikawaambia wanipe dakika ishirini nipime kwanza, nikifika kukata nitakata, lakini kile kipande kikianguka chini hakirudi.

Vipimo vyenyewe ni hivi, na naviweka vyote kwa sababu kisa chote kiko hapo. Mlango: upana 900, urefu 2100, unene 45, zote milimita. Nikaulaza juu ya stuli mbili nikaangalia kwa jicho kama umejipinda, uko sawa, kona ziko mraba. Fremu ni saiprasi ya inchi 6 kwa 2, ina ribeti ya mm 12, yaani ile hatua iliyochongwa kwa ukingo wa ndani, na nilipima ndani ya ribeti, si kwa uso wa nje, kwa sababu mlango unakaa ndani ya ribeti. Upana wa juu 906. Upana wa katikati 889. Upana wa chini, pale karibu na taili, 911. Urefu kutoka taili hadi ribeti ya kichwa, kushoto 2066 na kulia 2066. Pembe kwa pembe, upande mmoja 2262, upande mwingine 2252. Nikashusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupima wima, kila mguu, nikapata mguu wa bawaba umelala kuelekea upande wa kitasa mm 14 kutoka chini hadi juu, na wa kitasa umelala upande huohuo mm 9. Alafu nikafunga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona, uso wa mbele wa fremu. Fremu ikiwa imenyooka nyuzi zinabusiana tu pale zinapopishana. Hizi ziliachana mm 6, maana yake kichwa kimesokoteka kama mm 12 ukilinganisha na miguu, yaani hata mlango ungetoshea upana, kona moja ya kitasa ingebaki imechomoza nje na kitasa kisingeshika vizuri.

Watu wengi wakiona 889 wanasema fremu ni ndogo. Lakini angalia ile 906 ya juu. Mlango wa 900 unataka mm 3 kila upande, hiyo ni 906 kamili. Kichwa cha fremu kimeunganishwa na miguu kwa ulimi na tundu, hapo juu hakuwezi kubadilika, kwa hivyo 906 ndio kipimo ambacho fundi wa mbao alitengeneza. Huyo hakukosea upana. Fremu ilitoka karakana ikiwa sawa na ikaharibikia kwa ukuta.

Nikatafuta ushahidi. Kama sentimita 30 juu ya taili, kila mguu una matundu mawili ya misumari, yako usawa mmoja. Pale palikuwa na mbao ya kushikilia miguu isiachane, kila fundi wa mbao anaipigilia kabla fremu haijatoka kwake, na kwa kawaida kuna nyingine ya mshazari pale kona ya juu. Matundu ya hiyo ya mshazari pia niliyaona. Nikamuuliza mama, akakumbuka vizuri kabisa, vijana waling'oa hizo mbao ndio wilibaro ipite wakiingiza mchanga na simiti ndani. Sasa fikiria miguu miwili ya saiprasi ambayo haijakauka, haina kitu katikati, mawe yanajengwa pande zote na mota inashindiliwa nyuma kwa mwiko. Pale katikati ndipo mguu una nguvu kidogo kuliko pote, mota ikausukuma ndani, wa bawaba kama mm 13 na wa kitasa kama 6. Chini hakuna kitu kinashikilia, miguu ikatanuka ikawa 911. Na kwa vile mshazari haupo, fremu yote ikalala upande. Ile kombo, mimba ya katikati na kutanuka kwa chini, zote ni kitu kimoja, ni zile mbao mbili zilizong'olewa.

Urefu ni kisa kingine kabisa na hauhusiani na wilibaro.

Mama alikuwa na namba ya aliyetengeneza fremu, tukampigia tukiwa pale pale, nikaweka spika. Mzee mmoja mpole. Akasema niliambiwa mlango ni saba kwa tatu, nikajua ni 2100 kwa 900, nikaongeza sentimita 2 kwa urefu. Kwa hivyo miguu yake ilikuwa 2120 kutoka ribeti hadi mwisho. Na hapo hakusema uongo, ukiuliza mlango wa saba kwa tatu kwa maduka mengi ya Nairobi utapewa 2100 kwa 900, ingawa futi saba ukizibadilisha zinakuja kama 2134 na futi tatu ni 914. Kuna watu wamenunua fremu kwa futi na mlango kwa milimita na wakapoteza sentimita tatu na nusu bila kujua zilienda wapi. Hapa haikuwa hivyo. Hapa mzee aliongeza zile mm 20 akijua miguu itakaa juu ya sakafu iliyoisha, na fundi wa mawe akaisimamisha juu ya slabu, vile wengi hufanya, alafu skridi, ile simiti ya kusawazisha sakafu, ikamwagwa mm 40, gundi ya taili mm 6, taili yenyewe 8. Jumla 54. Toa 54 kwa 2120, unapata 2066 yangu. Nilipopata hiyo hesabu imelingana nilishukuru sana, kwa sababu kipimo kisichoelezeka ndicho kinanisumbua usiku.

Kila mmoja wao alifanya kitu kinachoeleweka. Kama angeambiwa fremu inakaa kwa slabu, mzee angetengeneza miguu ya 2165: mlango 2100, mm 3 za juu, mm 8 za chini, na hizo 54. Mama mwenyewe ndiye alikuwa katikati yao na hakuna aliyemuuliza sakafu itakuwa nene kiasi gani.

Tukakaa barazani tukaongea. Shemeji bado anasema kata pande zote, mlango utakuwa mdogo kidogo lakini utaingia. Nikamwonyesha. Ukikata uingie 889 unahitaji mlango wa 883, yaani unatoa mm 17. Upande wa kitasa tundu la kitasa limeshachimbwa karakana, ukitoa hata mm 8 pale kitasa hakikai tena, kinachomoza. Ukitoa zote 17 upande wa bawaba, mbao za wima zinakuwa moja pana moja nyembamba, na kwa mlango wa mbele wa paneli mtu anaona akiwa getini. Na hata ukifanya hivyo, juu utabaki na nafasi ya mm 23 na chini mm 28, kwa sababu fremu si sambamba. Itabidi uchonge mlango umbo la chupa ufuate fremu. Na baada ya hapo bado ile kusokoteka iko palepale. Utakuwa umeharibu mlango ulio sawa ndio ufanane na fremu isiyo sawa.

Lakini kwa urefu nikamwambia mama ukweli pia, hapo mlango utakatwa. Linta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, imemwagwa moja kwa moja juu ya kichwa cha fremu, hakuna nafasi hata ya kidole. Kuna mafundi wanachukua grainda na nyundo wanachimba linta sentimita tano, na ile nondo ya chini ya linta ndiyo inabeba mzigo, imefunikwa na zege kidogo tu. Ukiifikia umeondoa kinga yake na ukiikata umefungua ufa ambao utakuja kuonekana juu ya mlango. Hiyo siwezi kufanya kwa nyumba ya mtu. Chini nako ni taili, ukizing'oa utang'oa eneo lote ambalo mlango unapita ukifunguka na maji ya mvua ya barazani yatapata shimo la kukaa. Kwa hivyo upana unarekebishwa kwa fremu na urefu unarekebishwa kwa mlango. Alinyamaza kidogo akauliza ni ngapi unakata. Nikasema milimita 45, zote chini. Akauliza bei, nikasema itatoka 3,500 ifike 9,000 na ni siku mbili, kwa sababu mota lazima ishike usiku. Akasema sawa, fanya.

Kutoa fremu ndio jasho. Nilipitisha grainda kwa plasta mstari mmoja kila upande, kama sentimita 5 kutoka kwa fremu, ndio plasta isipasuke ovyo ukutani, alafu tindo na nyundo pole pole hadi nikaona jiwe. Nyuma ya katikati ya mguu wa bawaba kulikuwa na bonge la mota gumu kama jiwe, limeweka alama kwa mbao, ndilo lililokuwa linasukuma. Vile vipande vya chuma bapa vilivyopigiliwa kwa fremu na kuzikwa ndani ya ukuta nilivikata kwa grainda. Miguu nikaikata sawa na uso wa taili kwa msumeno wa mkono, zile mm 54 zilizozikwa nikazichimbua kwa patasi. Zilikuwa nyeusi na laini, ukifinya kwa kidole maji yanatoka. Nyumba haijahamiwa, haijapigwa deki hata mara moja, ni maji ya skridi tu na barazani hakuna paa bado. Nikamwita mama aone. Mguu wa mbao uliozikwa kwa simiti unakunywa hivyo maisha yake yote, na mchwa wa huko wanakuja kwa njia hiyohiyo. Yale mashimo nikajaza mota hadi usawa wa taili.

Fremu ikiwa chini nikapima nafasi ya jiwe hadi jiwe, nikapata 1012 pale pembamba kabisa. Fremu kwa nje ni 982, yaani 906 na mm 38 kila upande. Kwa hivyo kulikuwa na mm 30 za kuchezea, zinatosha. Ningepata 985 hadithi ingekuwa nyingine, ningechonga jiwe. Pima hiyo kabla hujaahidi mtu, mimi nilichungulia kwanza kwa tundu dogo nililotoboa kwa plasta kabla sijakubali bei.

Mguu wa bawaba ulipotoka ukutani ulirudi wenyewe kidogo, ukabaki na mimba ya kama mm 5. Sikuulazimisha. Nilipigilia mbao mpya tatu, moja miguuni, moja katikati, moja mshazari, nikipima 906 kila mahali. Nikairudisha kwa ukuta, kichwa kikagusa linta, nikaweka kabari mbili mbili zinazokabiliana nyuma ya kila mguu, juu, katikati na chini. Kabari moja ikisukuma peke yake inazungusha mguu, mbili zikikabiliana zinasukuma sawa. Kwanza mguu wa bawaba, huo ndio bosi, timazi pande mbili, uso na ubavu. Alafu wa kitasa unaufuata ule. Nyuzi zikabusiana. Pembe kwa pembe 2256 na 2256. Nikatoboa miguu kila mahali penye kabari, nikapitisha skurubu ndefu hadi kwa jiwe na fisha, zile plagi za kushikia skurubu, na ile skurubu ya katikati ya mguu wa bawaba ndiyo ilivuta zile mm 5 zikaisha, nikikaza huku naangalia timazi. Nikajaza mota kavu kavu nyuma, nikishindilia kidogo kidogo pande zote mbili kwa zamu, si upande mmoja hadi uishe. Zile mbao tatu nikaziacha. Nikaomba mama na shemeji, tafadhali, mtu yeyote akitaka kupita na wilibaro apitie mlango wa nyuma.

Alhamisi nikarudi asubuhi nikapima tena kabla ya kugusa chochote. 906, 906, 906. Hiyo ndiyo siku ya mlango.

Mbao ya chini ya mlango ilikuwa mm 200, ukitoa 45 inabaki 155, na bado ni pana kuliko ya juu ambayo ni 110, kwa hivyo macho hayagundui. Ningegawanya nikate na juu, ile ya juu ingekuwa nyembamba kuliko za ubavuni na mlango ungeonekana kama umenyolewa. Shida ya kukata chini ni kwamba pale ndani kuna ulimi unaoshikilia mbao ya chini na zile za wima, na ukikata 45 unakula sehemu ya ulimi. Kwa hivyo kabla ya kukata nilitoboa kila upande vijitundu viwili vya mm 12 kupitia mbao ya wima hadi kwa ulimi ulio juu ya mstari, nikapiga vigingi vya mahogany na gundi, nikangoja vikauke. Alafu nikachora mstari kwa kisu, si penseli, pande zote mbili za mlango na kwa kingo, nikabandika tepu, nikafunga ubao mnyoofu wa kuongoza msumeno wa umeme. Kisu kinakata nyuzi za mbao kabla meno hayajafika, ndio uso usimeguke. Kipande kikaanguka kizima, kama fimbo.

Kisha vanishi, mikono mitatu, pale chini palipokatwa. Hii watu wanaruka kwa sababu hakuna anayeona chini ya mlango. Lakini zile mbao za wima zimekatwa kichwa, vinyweleo vyote viko wazi, ni kama mirija, na maji ya deki yatapanda. Mlango uliovimba chini hadi unakwaruza taili mara nyingi ulikatwa na haukupakwa.

Bawaba tatu za inchi nne, ya juu sentimita 15 kutoka juu, ya chini 22 kutoka chini, ya tatu katikati. Kuweka nafasi nilitumia vipande vya plaiwudi ya mm 3. Mlango ukaingia. Ukiuacha nusu wazi unasimama pale pale, hauendi mbele wala nyuma, hapo ndio unajua mguu wa bawaba uko timazi. Mama aliufunga na kuufungua kama mara kumi bila kusema kitu, akaufunga tena akasikiliza kitasa kikilia, akaenda akaleta chai.

Nilirudi Mei, mvua ndefu zikiwa zimeshapiga vizuri. Upande wa kitasa zile mm 3 zilikuwa zimebaki kama 2, mahogany imekunywa hewa ya mvua kidogo, lakini haigusi. Kama kiangazi ningeacha mm 1 tu, sasa ungekuwa umeshagusa.

Kilichobaki ni ile milango ya vyumbani. Fremu zake zilijengwa siku moja na hii, nne nimezipima na urefu wa zote uko kati ya 2064 na 2068, wilibaro haikupita huko kwa hivyo upana uko sawa. Mama alikuwa ameshaambiwa anunue flashi doo za 2100, zile nyepesi. Nikamsimamisha. Mlango wa namna hiyo una mbao halisi kwa ukingo tu, ndani ni karatasi za umbo la sega la nyuki, ukikata mm 45 chini umemaliza ile mbao yote na unabaki na plaiwudi mbili zinapepea. Inawezekana kuchonga kipande kipya cha mbao ukichomeke ndani na gundi, nimefanya mara nyingi, lakini kwa nini ulipie mlango na ulipie tena kuuponya wakati bado uko kwa karakana. Nikachukua namba za kila fremu, nikatoa mm 11 kwa kila moja, nikampigia wa karakana nikamsomea moja moja: 2053, 2055, 2055, 2057. Akauliza mbona zisiwe sawa zote. Nikamwambia andika vile nimesema, na nyuma ya kila mlango aandike jina la chumba kwa chaki.